Makomeo ya siri kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kazi moja: kuondoa minyororo na ndoano zinazoonekana kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ya zamani, na kuweka makomeo yaliyofichwa ndani ya bati ili mlango ubaki laini kutoka ubavu hadi ubavu. Kazi hii ina uzuri wake. Ina pia mtego ambao watu wengi hawauoni mpaka mlango uanguke, ndiyo maana jibu la swali la tatu na la nne ni marefu kuliko mengine. Ukiwa na haraka, anza nayo.

Mnazungumzia pikapu zipi hasa?

Zile za Marekani zenye madigadi yaliyotokeza nje ya bodi ya mizigo: Chevrolet 3100 ya kuanzia 1947 na ndugu zake wa GMC, Ford F-1 ya 1948 hadi 1952, na Ford F-100 iliyoingia sokoni 1953. Mlango wao wa nyuma ni bati lililopigwa jina la kiwanda kwa herufi kubwa, ukingo wake wa chini umekunjwa kuwa bomba la bawaba, na kila pembe ya juu ina mnyororo wenye ndoano inayoingia kwenye ubavu wa bodi. Ni ubunifu wa shamba: rahisi, imara, unarekebishika kwa nyundo. Wenye magari haya wakaanza kuyapendezesha, na ndoano zile zikawa kitu cha kwanza kuonekana vibaya nyuma ya gari lililopakwa rangi ya kung'aa.

Chini zaidi kuna majibu kwa wenye Land Rover, Datsun na Peugeot.

Je, kuna kiwanda kilichowahi kuficha makomeo, au ni mambo ya mafundi tu?

Kipo. Mwaka 1955 Chevrolet walitoa Cameo Carrier, pikapu ambayo mbavu za bodi yake zilivikwa faibaglasi zikawa sawa na upana wa kabini, bila madigadi ya nje. Mlango wa nyuma nao ulifunikwa paneli laini, na bawaba na makomeo yakafichwa nyuma yake. Iliuzwa hadi 1958, mwaka ambao bodi ya chuma ya Fleetside ilichukua nafasi yake. Ilikuwa ghali kwa pikapu ya wakati ule na hazikutengenezwa nyingi, lakini ilionyesha kwamba gari la mizigo linaweza kuwa na mgongo safi kama gari la familia.

Nashauri utafute picha za Cameo kabla hujakata bati. Hata kama huipendi, utaona wabunifu wa kiwanda waliamua nini kifichwe na nini kiachwe.

Mnyororo una shida gani? Si naondoa tu na kuweka komeo?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mnyororo wa asili una kazi mbili, na watu huona moja tu.

Kazi ya kwanza ni kufunga. Mlango ukiwa umesimama, ndoano ya mnyororo inaukaza kwenye ubavu ili usianguke.

Kazi ya pili ni kubeba. Mlango ukiwa umelala, mnyororo huohuo ndio unaouzuia usipite usawa wa sakafu, na ndio unaobeba gunia, pikipiki inayopandishwa, au watu wawili waliokaa wakinywa soda. Komeo la siri linafanya kazi ya kwanza peke yake. Mlango ukifunguka, komeo halishiki kitu tena. Limebaki ndani ya bati bila kazi.

Kwa hiyo anayesema "nimeweka makomeo ya siri" amemaliza nusu ya safari. Swali la kumuuliza ni: mlango wako ukilala, unalala juu ya nini?

Kuna na kazi ndogo ya tatu ambayo haitajwi sana. Mlango uliofungwa vizuri huzuia mbavu za bodi zisipanuke mzigo unaposukuma kwa ndani. Komeo ambalo pini yake inaweza kuchomoka kwa pembeni halitoi msaada huo. Tumia pini yenye kichwa kipana, au weka washa nene mwishoni mwake, ili ubavu ukitaka kwenda nje uvutwe na komeo.

Basi mlango uliolala ushikwe na nini?

Tupige hesabu kwanza, maana hesabu ndiyo inayochagua njia. Chukua mlango wa kimo cha sentimita 45 na mtu wa kilo 100 aliyekaa ukingoni kabisa. Tuuache uzito wa mlango wenyewe.

Ukiwa na minyororo miwili iliyofungwa kwenye pembe za nje za mlango, ikipanda kwa nyuzi 45 hadi juu ya nguzo za bodi (zile zinazosimama kwenye pembe za nyuma, kila upande wa mlango), kila mnyororo unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 71. Ni mzigo mdogo kwa mnyororo wowote wa maana.

Ukihamisha mahali pa kufungia hadi katikati ya mlango ili mnyororo ufichike vizuri zaidi, na pembe ikabaki ileile, mvuto unakuwa mara mbili, kama kilo 141 kila upande.

Sasa ondoa minyororo yote, uiachie bawaba kazi ya kusimamisha mlango kwa kijino, yaani kipande cha chuma kinachouzuia usipite, kilicho sentimita 3 kutoka kwenye mhimili inakozungukia. Kilo 100 zilizo umbali wa sentimita 45 zinageuka kuwa kilo 1,500 kwenye vijino, yaani 750 kila bawaba. Na hapo mtu amekaa taratibu. Mzigo unaoangushiwa ghafla, hata bila kurushwa kutoka juu, huzaa nguvu mara mbili ya uzito wake. Bati la mlango la unene wa kama milimita 1 halistahimili hilo. Litapasuka kuzunguka bolti, au bomba la chini litajikunja na mlango hautafunga tena.

Kwa hiyo ukisikia fundi anasema bawaba zake "zina stopa, minyororo haihitajiki", muulize kijino kiko umbali gani kutoka kwenye mhimili na kimefungwa kwenye chuma cha unene gani. Kwa gari la maonyesho ambalo mlango wake hufunguliwa ili watu waone mbao za sakafu, njia hiyo inakubalika. Kwa gari linalobeba chochote, sikubaliani nayo.

Zinabaki njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni waya wa chuma unaojirudisha wenyewe: mlango ukifungwa, springi inauvuta waya ndani ya nguzo. Inapendeza sana, ila angalia nafasi. Kwa vipimo vya hapo juu waya unahitaji urefu wa kama sentimita 64, na karibu wote lazima uingie mahali mlango ukifungwa. Nguzo yenyewe ina kimo cha sentimita 45 tu. Itabidi uuzungushe kwenye kapi ndani ya nguzo, au uupitishe ndani ya mkunjo wa juu wa ubavu wa bodi kuelekea kwenye kabini, kwenye bomba la plastiki ili usikwaruze bati.

Ya pili ni rahisi na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: waya au mnyororo wa kuchomeka. Unachomelea pete ndogo upande wa ndani wa nguzo na upande wa ndani wa mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama nyuma ya gari haoni. Ukiwa na mzigo unachomeka. Ukienda harusini unachomoa na kuweka chini ya kiti. Waya wa milimita 4 unatosha kwa nguvu; mahali pa kuogopa ni ncha zake zilizobanwa na bolti zinazoshika pete, kwa hiyo kila pete iwe na bamba la milimita 3 nyuma yake.

Komeo lenyewe ni la aina gani?

Ziko tatu unazoweza kuzipata au kuzitengeneza.

Komeo la taya ndilo bora. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye mdomo kinachozunguka. Pini ya kwenye nguzo ikiingia mdomoni inakisukuma kizunguke, kisha kijino chenye springi kinaanguka nyuma yake na kukizuia kisirudi. Mengi yana hatua mbili, kama milango ya magari ya sasa: usipobamiza sawasawa, hatua ya kwanza inashika hivyohivyo. Kwa mlango wa nyuma hatua hiyo ni uhai. Mlango uliofungwa nusu kwenye barabara kuu bado haufunguki.

Komeo la ulimi ni kama kitasa cha nyumba: ulimi uliochongwa mshazari, na springi. Ni jembamba, linaingia kwenye nafasi ndogo, lakini linashika kwa ncha ya ulimi tu. Ubavu wa bodi ukipanuka milimita chache, ulimi unaachia.

Komeo la pini ni chuma cha duara kinachotoka kila upande wa mlango na kuingia kwenye tundu la nguzo. Fundi yeyote anaweza kulitengeneza kwa chuma cha milimita 12 na springi. Ni imara likiingia vya kutosha, walau sentimita 2 ndani ya nguzo. Udhaifu wake ni kwamba halikubali mpindo: bodi ikijinyonga kidogo, pini inakwama.

Komeo moja katikati halitoshi?

Halitoshi. Mlango una upana wa zaidi ya mita 1, na ukishikwa katikati pembe zake zinapiga kelele kila tuta. Pia katikati hakuna kitu cha kushikia, kwa sababu sakafu iko chini na nguzo ziko pembeni. Weka mawili, karibu na pembe za juu. Kadiri komeo linavyokuwa mbali na bawaba ndivyo linavyohitaji nguvu kidogo kuuzuia mlango.

Ndani ya mlango kuna nafasi ya kuyaweka?

Kwenye milango mingi ya aina hii, mwili wa mlango ni bati moja lenye herufi, na kingo zilizokunjwa ndizo zinazoupa ugumu. Komeo la taya la ukubwa mdogo linaingia ndani ya mkunjo wa pembeni, lakini vyuma vya kuvutia na mkono wa kufungulia vitaonekana upande wa ndani. Kwa hiyo unahitaji kifuniko: bati la pili la kufunika upande wote wa ndani, lililofungwa kwa skrubu.

Usilichomelee kifuniko hicho. Siku kebo ya kufungulia makomeo itakapokatika mlango ukiwa umefungwa utataka kuingia ndani, na njia pekee itakuwa kupanda kwenye bodi na kufungua skrubu ukiwa humo. Hilo ni jambo la kulipanga sasa, si siku hiyo.

Komeo likae kwenye mlango na pini ikae kwenye nguzo, si kinyume chake. Nguzo za bodi hizi ni nyembamba. Ubaya wa mpango huu ni kwamba pini inabaki imetokeza kwenye nguzo mlango ukiwa wazi, na mzigo mpana unaweza kuipiga. Ifanye fupi, uiweke juu.

Naanzia wapi?

Unaanzia mbali na mlango. Kaza kwanza bodi yote kwenye chesi, na mbao za sakafu na vyuma vyake vikiwa mahali pake, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyonyooka. Bodi isiyokazwa hubadilika umbo. Ukipima makomeo ikiwa juu ya vigogo, kisha ukaifunga kwenye chesi, pini na taya hazitakutana.

Kisha nyoosha mlango. Pima diagonali zote mbili. Zikitofautiana, mlango si pembemraba na hakuna komeo litakaloficha hilo. Tafuta mwanya wa milimita 5 hivi kila upande, ulio sawa juu na chini. Vipande vya mbao vya unene huo vikiwekwa pande zote hushikilia mlango mahali pake unapofanya kazi.

Mlango unazunguka kwenye bawaba ya chini, kwa hiyo pembe ya juu inapofunga inasafiri kwenye tao, siyo mstari. Karibu na kufunga, tao hilo linaelekea mbele kwenye kabini. Mdomo wa taya utazame huko. Funga komeo kwa koleo za kubania, sogeza mlango polepole kwa mkono, uone pini inaingia katikati ya mdomo bila kugusa upande. Ukiridhika, weka alama, ndipo utoboe. Matundu ya pini kwenye nguzo yawe marefu kidogo, ili uweze kuisogeza juu na chini hata baada ya rangi. Usikubali pini iliyochomelewa moja kwa moja. Chesi za magari haya hujinyonga kwenye barabara mbovu, na kila baada ya muda kitu kitahitaji kusogezwa.

Bati la mlango linajikunja ninapochomelea. Nifanyeje?

Herufi zilizopigwa kwenye bati zinasaidia kulikaza, lakini sehemu tupu kati ya herufi na ukingo hujikunja kwa joto dogo. Usivute mshono mrefu. Piga nukta, ruka sentimita kadhaa, piga nyingine, rudi ulipoanza bati likiwa limepoa kiasi cha kuligusa kwa mkono. Mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, ikiwa na waya mwembamba inafaa. Fimbo za kawaida za kuchomelea mageti zitatoboa.

Mahali pa komeo weka kwanza bamba la milimita 3 lililokatwa pembe za duara, uchomelee kuzunguka, kisha komeo lifungwe kwa bolti kwenye bamba hilo. Bolti za komeo zikishika bati tupu, zitalinyofoa.

Mambo matatu ya usalama. Toa waya wa betri kabla ya kuanza. Kwangua zinki itoke kwenye chuma chochote kilichopakwa zinki kabla ya kukichoma, maana moshi wake huleta homa na kichefuchefu. Na ujue tangi la mafuta lilipo: kwenye Chevrolet za 1947 na 1948 liko chini ya bodi, na lilihamishiwa ndani ya kabini nyuma ya kiti mwaka 1949. Magari mengi yameshabadilishwa na wenyewe, kwa hiyo chungulia kwa macho yako.

Mlango ufunguliwe kwa mkono, kwa kebo au kwa umeme?

Mkono mdogo upande wa ndani, juu katikati ya mlango, ndio unaodumu. Unaupitishia mkono juu ya ukingo, unavuta, basi. Mtu wa nyuma haoni kitu.

Kebo inayokwenda chini ya bampa au ndani ya digadi ni nzuri pia, ila ipitishe kwenye bomba karibu na bawaba, kwa sababu pale ndipo inapopindwa kila mlango unapofunguka.

Umeme unapendwa na wengi, na una masharti. Solenoidi, yaani koili inayovuta chuma ikipata umeme, huvuta kwa nguvu ndogo mwanzoni mwa safari yake na kwa nguvu kubwa mwishoni, kwa hiyo ifunge karibu, isianze ikiwa imenyooshwa kabisa. Iendeshe kwa relei (swichi inayowashwa na umeme) na fyuzi yake. Na lazima isiweze kufungua gari likiwa linatembea. Njia rahisi: tumia relei ya miguu mitano, koili yake iwashwe na swichi ya gari, umeme wa solenoidi upite kwenye mguu wa 87a, ule unaopitisha umeme koili ikiwa imezimwa. Swichi ikiwashwa, mguu huo unakatika, na hata mtoto akichezea rimoti barabarani hakitokei kitu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, makomeo yote mawili yaachie kwa pamoja. Weka kisahani kinachozunguka katikati ya mlango, vyuma viwili vikitoka pande zake mbili kwenda kila komeo, kila chuma kiwe na ncha ya kukaza na kulegeza. Komeo moja likitangulia, mlango unajinyonga na la pili linabana. Hapo ndipo watu huanza kuvuta kwa nguvu na kukata kebo.

Gari langu lina umeme wa volti 6. Solenoidi za volti 12 zitafanya kazi?

Hazitafanya. Chevrolet za mizigo ziliingia volti 12 na umbo jipya la 1955, na Ford mwaka 1956. Ford za kabla ya hapo zina jambo la ziada: chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Ukichomeka kifaa cha rimoti cha kisasa bila kujua, kinaweza kuungua papo hapo. Wengine huweka betri ndogo ya volti 12 ya pekee kwa ajili ya mlango tu, isiyogusana na umeme wa gari. Inatosha kabisa. Ukishafika hapo, jiulize pia kama mkono wa ndani usingekutosha.

Na betri ikiisha?

Kila mlango wa umeme uwe na kebo ya akiba inayovutwa bila chombo chochote. Sina mjadala juu ya hilo.

Nikibonyeza rimoti mlango haufunguki, au unaanguka kwa kishindo. Kwa nini?

Mlango huu una bawaba chini na unasimama karibu wima. Gari likiwa limeinamia mbele, mlango unabaki umeegemea bodi hata makomeo yakiachia. Likiwa limeinua pua, unaanguka kwa uzito wake wote kwenye goti la mtu. Weka vibonge vya raba kwenye nguzo vinavyousukuma nje kidogo, na kifaa cha gesi cha kupunguza mwendo, kama kile cha boneti, ushuke taratibu.

Ila raba zisizidi. Raba ikisukuma sana, kijino cha komeo kinabanwa na solenoidi inashindwa kukitoa. Jaribu hivi: mlango ukiwa umefungwa, usukume kidogo kuelekea kwenye kabini huku mwenzako akibonyeza. Ukifunguka kwa njia hiyo pekee, punguza raba.

Maji yakiingia ndani ya mlango uliozibwa?

Yataingia. Usijaribu kuyazuia yote, yape njia ya kutoka: matundu matatu au manne ya milimita 8 kwenye sehemu ya chini kabisa, kabla ya rangi. Ndani piga praima, na baada ya rangi kukauka nyunyiza nta ya kuzuia kutu, ile inayotambaa kwenye mishono. Fanya hivyo makomeo yakiwa yametolewa. Nta ikiingia kwenye springi za komeo hunasa vumbi, na vumbi la barabara zetu litafanya komeo kuwa zito ndani ya msimu mmoja.

Je, napunguza thamani ya gari?

Ikiwa una mlango wa asili ulionyooka, usiukate. Milango mipya ya kuiga ya Chevrolet na Ford hizi inatengenezwa na kuuzwa Marekani. Nunua mmoja, ukate huo, na wa asili uufunge kwenye blanketi pamoja na minyororo na ndoano zake. Atakayelinunua gari baadaye atakushukuru. Mlango wa asili ulioliwa na kutu chini ni jambo jingine. Huo unastahili kufufuliwa kwa namna yoyote unayopenda.

Nina Land Rover ya zamani. Naweza kufanya hivi?

Unaweza, ila usifuate maelekezo ya kuchomelea. Bati la Land Rover, tangu ya kwanza ya 1948, ni aluminiamu ya mchanganyiko, na mashine ya chuma haifai hapo. Tumia bolti na ribiti. Weka raba au plastiki nyembamba kati ya komeo la chuma na aluminiamu, na rangi kwenye kila tundu, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu inaliwa na kugeuka unga mweupe. Mombasa, Tanga au Zanzibar, kwenye hewa ya chumvi, hali hiyo huenda mbio.

Na tafadhali iache minyororo yake. Land Rover isiyo na minyororo nyuma imepoteza sura.

Datsun 1200, Hilux au Peugeot 504?

Hizi zilikuwa magari ya kazi, na nyingi bado ziko kazini. Peugeot 504 iliunganishwa hadi Kenya na ilibeba kila kitu kutoka miraa hadi abiria. Makomeo yake ya nje ni ya kukaza kwa mkono, na uzuri wake ni kwamba dereva akiangalia kwenye kioo cha pembeni anajua kama yamefungwa. Komeo la siri halionyeshi hivyo. Ukilificha, weka swichi ndogo ya taa ndani ya kila komeo na taa moja nyekundu kwenye dashibodi, izimike pale tu yote mawili yanapofika hatua ya pili.

Kwa gari linalopakia mchanga, mawe au ng'ombe, liache kama lilivyo. Mchanga utaingia ndani ya taya na siku moja mlango hautafunga.

Bamba la namba nilihamishie wapi?

Mahali panapoonekana mlango ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, lenye taa yake. Kwenye bampa au chini yake ndiyo salama. Kabla ya kufanya kazi, uliza kwa wakaguzi wa magari wa mahali ulipo kuhusu mabadiliko ya bodi. Ni rahisi kuuliza ukiwa na mchoro kuliko ukiwa na gari lililokwisha kupakwa rangi.

Nampelekea fundi wa mtaani. Nimwambie nini?

Usimwambie "weka komeo la siri". Mwambie mambo yanayopimika: makomeo mawili ya hatua mbili, bamba la milimita 3 nyuma ya kila komeo, pini zinazosogezeka, kifuniko cha skrubu, kebo ya akiba, matundu ya maji chini. Mafundi wetu wa bodi ni hodari sana wa mikono. Wanachokosa mara nyingi ni mteja anayejua anachotaka. Mkubaliane pia kwamba rangi haipigwi mpaka majaribio yaishe.

Majaribio gani?

Funga na fungua mlango mara nyingi ukiwa bado bati tupu, mpaka uone mahali panapong'aa kwa kusuguana. Hapo ndipo rangi ingekwaruzika. Chomeka minyororo yako, ulaze mlango, uweke mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 ukingoni, iache usiku mzima. Asubuhi pima diagonali tena na uangalie kama mlango bado unafunga kwa sauti ileile. Kisha endesha kwenye barabara ya vumbi yenye matuta ukiwa na mzigo kiasi, na mtu wa kusikiliza. Kelele ya bati inatoka kwenye raba zilizolegea. Kelele ya chuma kwa chuma inatoka kwenye pini, na pini ndiyo ya kusogeza.

Matunzo baada ya hapo?

Grisi nyepesi kidogo kwenye taya, si mafuta mazito. Kila unapobadilisha oili ya injini, fungua kifuniko, vuta kebo ya akiba uone inafanya kazi, kaza nati za vyuma vya katikati, na upitishe waya kwenye matundu ya maji.